Kiti cha Kazi Kinachofunguka

Kiti cha ofisi kikifa, mara nyingi hakifi chote. Miguu ni mizima, kiegemeo ni kizima, lakini nguzo ya gesi inazama kila unapokaa. Au skrubu zimeng'oka kwenye ubao wa kikalio. Au ngozi bandia imebanduka na kukuachia magamba kwenye suruali. Sehemu moja imechoka, na kiti kizima kinaishia stoo kwa kuwa aliyekibuni hakufikiria kwamba siku moja mtu atataka kukifungua.

Tangu mwaka 2020, UVIKO-19 ulipowarudisha watu wengi kufanyia kazi nyumbani, kiti hicho kimekuwa mzigo wa familia badala ya mwajiri. Wapo wanaofanya mahesabu ya biashara, kutafsiri, kuandika programu au kufundisha kwa kompyuta wakiwa wamekalia kiti cha plastiki kwenye meza ya chakula. Wapo walionunua kiti cha magurudumu na sasa wanatafuta cha pili. Iko njia ya tatu, nayo ni kumwendea fundi. Pale Keko jijini Dar es Salaam, au Gikomba na kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi, fundi wa mbao na fundi wa kuchomelea hufanya kazi kwa ujirani, na kiti cha kazi kinawahitaji wote wawili.

Ufundi upo. Kinachokosekana ni maelezo. Mteja humwonyesha fundi picha ya kiti cha kiwandani kwenye simu, fundi huiga sura, na sura ndiyo sehemu isiyo na maana kubwa katika kiti cha kazi. Makala haya yanakupa cha kumweleza. Shabaha ni mbili: kila rekebisho lipewe kifaa kinacholingana na mara ngapi linahitajika, na kila kiungo kinachochakaa kiweze kufunguliwa kwa spana moja.

Anza na meza

Meza za nyumbani nyingi zina kimo cha kati ya sentimeta 72 na 76, na hazipandi wala kushuka. Kwa hiyo kiti ndicho kitakachoifuata meza. Kanuni ni rahisi: ukikaa wima, mabega yamelegea, viwiko viwe usawa wa meza au juu yake kidogo. Meza ikizidi viwiko, mabega hupanda bila wewe kujua, na jioni shingo inauma.

Chukua mfano wa nyumba yenye meza ya sentimeta 72. Baba akikaa, kiwiko chake kiko sentimeta 25 juu ya kikalio, hivyo anahitaji kiti cha sentimeta 47. Mama ni mfupi zaidi, kiwiko chake kiko sentimeta 22 juu ya kikalio, kwa hiyo anahitaji kiti cha 50. Mtoto mwenye kiwiko cha sentimeta 18 anahitaji 54. Umeona? Kwenye meza isiyobadilika, aliye mfupi ndiye anayekaa juu zaidi. Wengi hufanya kinyume chake: humshushia mfupi kiti ili miguu ifike chini, kisha anaandika mikono ikiwa kifuani.

Miguu ya mama sasa inaning'inia, na ukingo wa kiti unabana mapaja. Dawa yake ni kikanyagio. Ikiwa goti lake liko sentimeta 40 kutoka sakafuni na kiti kiko 50, anahitaji kikanyagio cha sentimeta 10. Jambo hili si geni pwani. Viti vya enzi vya Lamu, Mombasa na Zanzibar, vile vya mbao nyeusi vilivyonakshiwa kwa mfupa au pembe, vina kikanyagio mbele. Na mwaka 1972 mbunifu wa Norway, Peter Opsvik, alitoa kiti cha mbao kiitwacho Tripp Trapp ambacho kikalio na kikanyagio vyote viwili huchomekwa kwenye mifuo ya mihimili ya pembeni na kukazwa kwa boliti. Mtoto anakua, mbao zinahamishwa, meza ya familia inabaki palepale. Kiti hicho hakina gesi wala springi, na bado kinatengenezwa hadi leo.

Kama anayefanya kazi ni mtu mmoja tu na meza ni yake, ipo njia ya bei nafuu zaidi: kata miguu ya meza. Msumeno na nusu saa vinaweza kukuokolea kikanyagio na nusu ya marekebisho ya kiti.

Vipimo vitano vya kumpelekea fundi

Vua viatu vya kutokea, vaa ndala unazovaa nyumbani, kaa juu ya meza ndogo ngumu au benchi, kisha mtu akupime kwa futi kamba.

Cha kwanza ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kipimo hiki, pamoja na kile cha kiwiko, ndivyo vinavyoamua kimo cha kikalio na cha kikanyagio. Cha pili ni kutoka mwisho wa makalio hadi nyuma ya goti. Toa sentimeta 5, upate kina cha kikalio. Kwa watu wazima wengi hutoka kati ya 40 na 45. Ukiwa umeegemea, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na goti. Visipopita, utaanza kukaa mbele na kiegemeo hakitakuwa na kazi. Cha tatu ni upana wa nyonga. Ongeza sentimeta 5. Cha nne ni kutoka kikalio hadi kiwiko, kwa ajili ya meza na mikono ya kiti. Cha tano ni kutoka kikalio hadi mbonyeo wa kiuno, pale mgongo unapoingia ndani. Kwa wengi ni kati ya sentimeta 17 na 23.

Kiti kitakaliwa na zaidi ya mmoja? Pima kila mtu. Kwa upana chukua kipimo kikubwa, kwa kina chukua kidogo, na kwa kimo andika kidogo na kikubwa vyote viwili. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo mwendo wa nguzo. Kwa familia ya mfano wetu, mwendo wa sentimeta 45 hadi 55 unatosha kabisa, ikiwemo akiba.

Marekebisho ya aina tatu

Viti vya kiwandani hujisifu kwa wingi wa vishikio. Lakini jiulize: kina cha kikalio unakibadilisha mara ngapi? Mara moja, siku kiti kinapofika. Kimo cha mikono ya kiti je? Pengine mara mbili maishani. Marekebisho ya namna hii yasipewe kishikio wala springi. Yape boliti na tundu refu lenye umbo la yai, ambamo boliti inaweza kuteleza kabla ya kukazwa. Hakuna kitakachovunjika, kwa kuwa hakuna kinachochezacheza.

Aina ya pili ni marekebisho ya kila mkaaji anapobadilika: kimo cha kikalio na cha kikanyagio. Haya yafanyike kwa mkono, bila spana, kwa muda usiozidi dakika moja. Hapa ndipo pa kuweka pini au skrubu kubwa.

Aina ya tatu ni yale ambayo mwili huyafanya kila baada ya dakika chache: kuegemea, kusogea, kuinama mbele, kukunja mguu. Haya yasihitaji kushika chochote. Kiegemeo kinachonesa kidogo na kikalio kisicho na kingo kali vinatosha. Hakuna mkao mmoja ulio sahihi kwa saa nane. Mgongo unataka kubadilishiwa. Hata kiti bora hakiondoi haja ya kusimama na kutembea kila baada ya nusu saa hivi.

Ukigawa hivi, utaona kwamba kiti chako kinahitaji sehemu mbili tu zinazotembea kwa kweli. Hizo ndizo za kuzigharimia.

Nguzo ya kupandisha na kushusha

Nguzo ya gesi ni silinda yenye naitrojeni iliyoshindiliwa. Mpira unaozuia gesi ukichakaa, kiti huzama, na fundi wa mtaani hawezi kuujaza upya. Silinda hubadilishwa nzima. Kama unacho kiti cha namna hiyo, usikubali mtu aichomelee silinda au kuipasha moto ili isizame. Ndani kuna mgandamizo mkubwa na inaweza kulipuka. Njia salama ni kupasua kipande cha bomba gumu la plastiki kwa urefu, kukivisha kwenye fimbo inayong'aa chini ya kikalio, na kukiacha kishikilie kiti kwenye kimo unachotaka.

Kwa kiti kipya, njia ya kwanza ni mabomba mawili na pini. Bomba la maji la chuma la inchi moja huingia ndani ya lile la inchi moja na robo na kuacha nafasi ndogo. Unene wa mabomba hutofautiana kwa daraja, kwa hiyo jaribu vipande hukohuko dukani kabla ya kulipa. Bomba la nje linachomelewa kwenye miguu, la ndani linabeba kikalio. Toboa la ndani matundu ya milimita 10 kila baada ya sentimeta 2. Matundu sita yanakupa mwendo wa sentimeta 10. Pini ipite mabomba yote mawili na ifungwe kwa mnyororo mfupi isipotee.

Kuna mambo manne ambayo fundi asiyeambiwa huyakosea. La kwanza, matundu yatobolewe kutoka kushoto kwenda kulia, yasiwe ya mbele kwenda nyuma. Mtu akiegemea, upande wa mbele na wa nyuma wa bomba ndio unaovutwa na kubanwa. Ukitoboa hapo unalidhoofisha mahali linapofanya kazi. La pili, kiti kikiwa juu kabisa, bomba la ndani libaki ndani ya la nje kwa sentimeta 12 au zaidi, la sivyo kitayumba. La tatu, bomba la ndani liwe la ukuta mnene. Bomba jepesi la kupitishia nyaya za umeme halifai hata kidogo.

La nne ni kuhusu mchezo. Pini peke yake hubeba uzito vizuri lakini huacha kiti kikitikisika. Dawa yake iko kwenye baiskeli: bomba la nje linachanwa juu kama sentimeta 6, masikio mawili yanachomelewa kandokando ya mpasuko, na boliti yenye mkono inayabana. Mwisho wa mpasuko lazima utobolewe tundu la mviringo, kwa sababu ncha kali ndiyo inayoanzisha ufa. Hivyo pini inabeba uzito na kibano kinaondoa mtikisiko. Usitegemee kibano bila pini. Mtu mzito atateremka nacho.

Njia ya pili ni skrubu kubwa, kama ile ya vibao vya kukalia wapiga piano. Chuma chenye hesi cha M20 hupanda milimita 2.5 kwa kila mzunguko, hivyo mizunguko 20 inakupa sentimeta 5. Ni polepole, lakini unapata kimo kamili na hakuna matundu ya kupanuka. Nati inayoshikilia iwe ndefu, au ziwe mbili zilizoachana kwa sentimeta 10, ili kiti kisilale upande.

Je, unataka kiti kizunguke? Pini itakizuia. Weka bamba la kuzungukia lenye gololi kati ya nguzo na kikalio, lifungwe kwa boliti. Lakini kama unafanya kazi kwenye meza moja inayotazama ukuta, kuzunguka ni starehe tu, na kila starehe ni kiungo kimoja zaidi cha kuchakaa.

Miguu minne au mitano

Viti vya ofisi vyenye magurudumu vina miguu mitano kwa sababu ya hesabu. Chukua miguu inayotoka sentimeta 32 kuanzia katikati. Ikiwa mitatu, umbali kutoka katikati hadi mstari ambao kiti hupindukia ni sentimeta 16 tu. Ikiwa minne, ni kama 22 na nusu. Ikiwa mitano, ni karibu 26. Mguu wa tano unakupa usalama bila kuirefusha miguu hadi ikukwaze. Kwa nguzo ya katikati inayobeba kikalio chenye kimo cha hadi sentimeta 55, usikubali pungufu ya mitano.

Usinunue miguu mipya kama kuna kiti kilichokufa jirani. Miguu ya chuma ya viti vya kiwandani huishi kuliko nguzo zake, na bomba lako linaweza kuchomelewa pale silinda ilipokuwa. Miguu ya plastiki iache. Haichomeleki, na ikipasuka hupasuka mtu akiwa amekaa.

Magurudumu nayo yaombewe sababu. Magurudumu magumu yalitengenezwa kwa ajili ya zulia. Kwenye vigae na terazo hukimbia na kuchora sakafu, na hapo yanafaa yale yenye mpira laini. Kwenye sakafu ya saruji iliyochakaa, mchanga na nywele huyakwamisha baada ya muda mfupi. Ikiwa husogei kutoka meza moja hadi nyingine, weka vipande vya raba ya tairi, ileile ya katambuga, chini ya kila mguu. Haitelezi, haipigi kelele, na fundi viatu yeyote anayo.

Anayetaka kiti cha mbao tupu anaweza kuacha nguzo kabisa na kufuata njia ya Opsvik: mihimili miwili ya pembeni, na kikalio kinachohamishwa kati yake kwa boliti nne. Hapo miguu minne mirefu kwenda mbele na nyuma inatosha. Matundu ya boliti yasikaribie ukingo wa mbao. Acha angalau mara nne ya unene wa boliti. Ndani ya kila tundu pigilia kipande kifupi cha bomba jembamba la chuma, maana boliti inayosugua mbao moja kwa moja hugeuza tundu la duara kuwa yai.

Kikalio na kiegemeo

Sponji ndiyo inayowadanganya wateja wengi, kwa sababu zote ni laini dukani. Pima uzito. Kipande cha sentimeta 50 kwa 50 chenye unene wa 10 kikiwa cha kilo 35 kwa mita ya ujazo, kitakuwa na gramu 875. Kikiwa na gramu 450 hivi, hiyo ni sponji ya kilo 18, na italala kama chapati kabla mwaka haujaisha. Mizani ya muuza nyama inatosha kwa kazi hii. Kwa kikalio tafuta kilo 35 au zaidi, unene wa sentimeta 5 hadi 7. Kiegemeo kinaweza kuvumilia sponji nyepesi zaidi.

Chini ya sponji weka fremu ya mbao iliyofungwa tepe za mpira wa ndani wa tairi zilizosukwa, kazi ambayo mafundi wetu wa makochi wanaijua vizuri. Mpira huchakaa, lakini kuubadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Ukipenda ubao, tumia plywood ya milimita 18 na uitoboe matundu ya hewa. Usikubali ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Skrubu hung'oka humo na hairudi tena. Ukingo wa mbele uteremke kwa mviringo.

Kitambaa kisipigiliwe moja kwa moja. Kishonwe kama foronya, chenye zipu au kamba ya kukaza chini, kivuliwe na kufuliwa. Turubai ya pamba au jinzi nzito hupumua. Ngozi bandia nyingi haziwezi jasho na unyevu wa pwani. Tabaka la juu huachana na kitambaa cha chini, na hakuna gundi inayolirudisha.

Kwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, kiegemeo bora ni cha kuwamba. Anayejua kuwamba kitanda anajua kuwamba kiegemeo. Kamba hupitisha hewa, hunesa na mwili, na zikilegea hukazwa upya. Fremu ya kiegemeo iinamishwe nyuma kwa nyuzi 100 hadi 105 kutoka kwenye kikalio. Kipande cha kubeba kiuno kiwe peke yake, kikiteleza juu na chini kwenye tundu refu na kukazwa kwa boliti mbili. Ukitaka kiegemeo kibadilike mwinamo, usitafute springi. Kampuni ya William Morris nchini Uingereza, miaka ya 1860, iliuza kiti ambacho kiegemeo chake kililala au kusimama kwa kuhamisha ufito mmoja tu. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kuutengeneza.

Mikono ya kiti si lazima. Ukiiweka, iwe mifupi kiasi cha kuingia chini ya meza, la sivyo itakuzuia kusogea karibu na kazi.

Mbao, chuma na chumvi

Mninga una sifa unayoistahili: ukishakauka hautembei sana, hivyo viungo havilegei. Mvule huvumilia unyevu na mchwa, ila vumbi lake huwasha mapafu na ngozi, kwa hiyo fundi avae barakoa. Msaji wa mashamba ya kupandwa, kama yale ya Longuza na Mtibwa, nao ni mzuri. Msonobari wa Sao Hill unafaa kwa fremu za kikalio ukitiwa dawa ya mchwa na bungua, lakini usiutumie kwenye sehemu ya boliti inayokazwa na kufunguliwa kila siku.

Kuliko jina la mti, angalia ukavu. Kata kipande, kipime kwenye mizani kila siku mbili kikiwa ndani ya nyumba. Kikiendelea kupungua uzito, mbao bado ni mbichi na kiti kitalegea baada ya kuanza kukikalia. Viungo visivyotakiwa kufunguka, kama vya fremu, viwe vya ulimi unaoingia kwenye tundu na kutiwa gundi, visiwe vya misumari.

Chuma hufa kwa kutu ya ndani, ambayo rangi haiifikii. Ziba ncha zote za mabomba. Bomba lililopakwa zinki lisafishwe kwa grenda pale litakapochomelewa, na kazi ifanyike mahali penye upepo, maana ule moshi mweupe huleta homa na maumivu ya kifua. Baada ya kuchomelea, papakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha ya kawaida. Bomba la ndani la nguzo halipakwi, linatiwa grisi.

Boliti zote, isipokuwa pini, ziwe za M8, ili spana namba 13 ifungue kiti kizima. Zipite upande wa pili na kushikwa na nati zenye plastiki ndani, ambazo hazilegezwi na mtikisiko. Kwenye mbao, weka washa pana. Gharama ya boliti nzuri ni ndogo mno ukilinganisha na kiti, na bado ndiyo inayokatwa kwanza.

Kwa fundi, na kabla ya kulipa

Kabla ya kuagiza, jaribu kimo nyumbani. Panga mbao juu ya kigoda au stuli hadi viwiko vilingane na meza, weka matofali chini ya miguu, ufanye kazi hivyo kwa siku kadhaa. Ukishapata kimo kinachokuridhisha, chora kiti kwa upande kwenye boksi lililokunjuliwa, kwa ukubwa wake halisi. Fundi ataweka bomba juu ya mchoro na kukata. Hakuna wa kubahatisha.

Andikianeni unene wa bomba, aina ya mbao, uzito wa sponji na saizi ya boliti. Lipa kwa mafungu: la vifaa, la fremu ikiwa haijapakwa rangi, na la mwisho baada ya majaribio. Fungu la pili ni la muhimu, kwa sababu rangi huficha uchomeleaji mbaya. Weldi nzuri inazunguka kiungo chote bila mashimo.

Viwandani, mashine hubonyeza kikalio na kiegemeo maelfu kwa maelfu ya mara. Wewe una mifuko miwili ya saruji, kilo 100. Iweke juu ya kikalio kiti kikiwa kwenye tundu la juu kabisa, iache ilale. Asubuhi angalia kama pini imepinda, kama tundu limepanuka, kama kuna ufa kwenye weldi. Kisha ondoa mfuko mmoja na usukume kiegemeo kwa nguvu zako, mtu akiwa amesimama nyuma. Mwishowe kaa kwenye ukingo wa mbele kabisa. Kiti kikitaka kukutupa, miguu ni mifupi, na hilo halisamehewi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bandika chini ya kikalio karatasi iliyofunikwa plastiki yenye saizi ya boliti, vipimo vya kitambaa, aina ya sponji na mwaka. Kila baada ya miezi mitatu kaza nati, futa pini, tia grisi. Kitambaa kifuliwe. Sponji ikilala, badilisha sponji. Kamba zikilegea, waite wawambaji. Hata ukiamua kununua kiti cha dukani badala ya kutengenezesha, kipindue kabla ya kulipa na uulize ni sehemu ipi inaweza kufunguliwa na vipuri vyake viko wapi. Muuzaji asiye na jibu amekujibu.

Na kama fedha ni kidogo, fuata utaratibu huu. Kwanza sawazisha meza na miguu, kwa msumeno au kikanyagio. Hiyo karibu haina gharama. Pili gharimia nguzo na miguu mitano. Tatu sponji ya kilo 35. Nne kiegemeo. Pesa ikibaki, ndipo muulize fundi ana rangi gani.